Kumtembeza Mgeni Dar kwa Siku Moja Bila Gari

Wifi yangu wa Iringa alinipigia juzi. Mdogo wake anakuja Dar na watoto wawili, ana siku moja tu ya kutembea, wanataka bahari na mji. Akaniomba nimwandikie njia. Nimeandika ikawa ndefu, basi naiweka na hapa, maana kila likizo ya Juni na Desemba maswali ni yale yale. Mimi naishi Kimara, sina gari, na hata ningekuwa nalo nisingelipeleka Posta, katikati ya mji.

Hatua ya 1: Angalia mwezi kabla ya kupanga lolote

Hapa ndipo nilipoumia, kwa hiyo nivumilie.

Mwaka juzi nilimpeleka wifi na wanawe Kigamboni, ng'ambo ya bandari, siku ya sikukuu. Tulifika ufukweni saa 4 asubuhi, watoto wamevaa nguo za kuogelea kabisa chini ya magauni. Maji hakuna. Mchanga mtupu, mwani umetandaa, mtumbwi umelala ubavu, na huko mbali akina mama wawili wameinama wanaokota kombe. Mdogo akanivuta mkono: "Shangazi, bahari wameitoa?" Tukakaa chini ya mivinje hadi saa 8, soda juu ya soda. Maji yalipofika ya kuogea, tukaoga kidogo, kisha tukarudi Feri, pale pa kupandia pantoni (kivuko), pamoja na umati wote wa sikukuu. Nyumbani tuliingia saa 4 usiku.

Kosa lilikuwa langu. Mtoto wa Pwani mzima, nikasahau bamvua.

Mambo yako hivi. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kama saa 6 kutoka kujaa hadi kupwa. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ni bamvua: yanajaa sana na yanapwa sana, tofauti inapita mita 3. Siku hizo Dar maji hupwa kabisa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, halafu hujaa karibu saa 10 jioni. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu: hayapandi sana wala hayashuki sana, na saa zinageuka, asubuhi hiyo hiyo ya saa 4 unakuta yamejaa. Kila siku inayopita, muda unasogea mbele kwa dakika 50 hivi.

Programu za simu za kuonyesha maji zipo, lakini mimi natumia kalenda ya Kiislamu iliyopo ukutani. Tarehe 1 na 15, na siku mbili zinazofuata, ni bamvua. Tarehe 8 na 22, na siku mbili zinazofuata, ni maji mafu. Haijawahi kuniangusha, na haitaki bando.

Kwa hiyo: bamvua, zunguka mji asubuhi, vuka Kigamboni kuanzia saa 7 mchana. Maji mafu, vuka asubuhi na mapema, mji baadaye. Siku za katikati, hesabu hizo dakika 50, au muulize mvuvi yeyote pale Feri, atakujibu bila kutazama saa.

Mawili matatu zaidi. Maji yakiwa yanatoka, watoto wasiende mbali hata kama ni ya magoti. Mlango wa bandari una mkondo mkali, usimruhusu mtu kuogelea karibu na pantoni. Na miezi ya kusi, Juni hadi Agosti, upepo wa mchana huchafua bahari. Usimwahidi mgeni maji ya kwenye picha.

Hatua ya 2: Mwendokasi hadi Kivukoni

Panda basi la mwendokasi Kimara, shuka mwisho wa safari. Ukiona limejaa, subiri linalofuata. Kusimama na watoto hadi Kivukoni si utalii. Masika, Jangwani ikijaa maji, njia hukatika, kwa hiyo sikiliza redio kwanza.

Kuhusu majina, maana wageni hupotea hapa: Posta ya Zamani iko kando ya bandari, Posta Mpya iko Azikiwe. Mkiagizana "tukutane Posta" mtatafutana. Na daladala iliyoandikwa Makumbusho haiendi Makumbusho ya Taifa. Inaenda Kijitonyama, karibu na Kijiji cha Makumbusho chenye nyumba za makabila. Makumbusho ya Taifa yako mjini, Mtaa wa Shaaban Robert, na ndiko kwenye fuvu la zamadamu Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959.

Hatua ya 3: Soko la Feri

Kabla ya saa 3 asubuhi. Baadaye unakuta mabaki na jua.

Simama pembeni ya mnada wa samaki uone kazi. Dalali anamwaga kibua kwenye meza ya zege, anataja bei, wanunuzi hawapigi kelele hata kidogo: mmoja anainua kidevu, mwingine kidole, biashara imeisha, na ndoo tayari iko kichwani kwa mtu. Vaa viatu usivyovionea huruma. Ukitaka kula, nunua changu au kolekole, mpe mpaa samaki, kisha peleka kwa wakaangaji wa hapo hapo. Kubaliana bei ya kila mmoja kabla hajashika samaki.

Simu iache mfukoni. Ikulu iko jirani na bandari iko mbele, na askari wa hapo hawana utani na picha.

Hatua ya 4: Mji kwa miguu

Fuata Barabara ya Kivukoni, maji yakiwa kushoto kwako. Utapita kanisa la Azania Front, lile la Kilutheri lenye mnara, kisha Mtakatifu Yosefu, lililojengwa 1897 hadi 1902. Ingieni ndani mpumzike na joto. Pandeni hadi Samora kwenye Sanamu ya Askari. Wazee wanaiita Bismini, kwa jina la Mjerumani Wissmann, ambaye sanamu yake ilikuwa papo hapo kabla ya Waingereza kuitoa. Hii ya sasa ni ya 1927. Mwambie mtoto atazame singe ya bunduki inaelekea wapi: bandarini.

Saa 2 zinatosha. Bajaji kwa hapa ni kupoteza hela.

Hatua ya 5: Pantoni

Vukeni kwa miguu. Nauli ya mtu mmoja kwa miaka mingi imekuwa shilingi 200, na uwe na kadi yenye salio kabla ya kufika getini. Gari linakusubirisha foleni, na ukikwama huwezi kugeuza. Siku za kazi, asubuhi umati unakuja mjini na jioni unarudi Kigamboni, wewe unakwenda kinyume chao, raha. Jumapili na sikukuu jioni ni balaa: wote wa ufukweni wanarudi mjini kwa wakati mmoja. Siku hiyo ondoka ufukweni kabla ya saa 11, au panda daladala ya kupita Daraja la Nyerere, lile la 2016, ushukie upande wa Kariakoo.

Ng'ambo, bajaji hadi ufukweni. Taja bei ya kwenda tu.

Hatua ya 6: Ufukwe wa Coco, kama miguu bado ipo

Bajaji kupitia Daraja la Tanzanite, mihogo ya kukaanga na pilipili, dafu, nyumbani. Maji yakipwa miamba hutokeza, hapo ni pa kula, kuogelea mlishamaliza Kigamboni.

Visiwa vya Mbudya na Bongoyo sijaviweka. Boti na ada ya hifadhi, hiyo ni siku nyingine na mfuko mwingine.

Wifi, nimeangalia kalenda: mdogo wako anafika tarehe 16 ya mwezi wa Kiislamu. Bamvua. Feri saa 2 asubuhi, mji hadi saa 6, pantoni saa 7. Watoto wasivae nguo za kuogelea kutoka nyumbani.