SOMO: Kuuza kadi za zamani za michezo kwenye maonyesho ya wikendi (soma mpaka chini ndipo uulize)

Wiki hii peke yake watu watano wameniuliza, "Kaka, nimepata boksi la kadi za besiboli, zile ndogo zenye picha za wachezaji, naziuzaje?" Naandika mara moja tu. Kuanzia leo atakayeuliza nitamrushia hili.

Niko Ohio, upande wa Cincinnati. Huu ni mwaka wa sita nakodi meza kwenye maonyesho madogo ya Jumamosi na Jumapili, yale ya kumbi za hoteli. Lile kubwa la kitaifa lililoanzia Los Angeles mwaka 1980 nimeenda kama mnunuzi tu, kwa hiyo sitalizungumzia.

Nikisema kadi za zamani namaanisha za kabla ya 1980 hivi. Mwaka 1981 kampuni za Fleer na Donruss ziliingia kushindana na Topps, kampuni kubwa ya kuchapa kadi, na kufika mwisho wa miaka ya 80 kadi zilikuwa zinachapwa kama magazeti. Kama boksi lako lote ni la 1990, wape watoto wachezee, usilipie meza kwa ajili yake.

Hatua ya 1. Nawa mikono, ikauke kabisa.

Hatua ya 2. Raba bendi zikate kwa mkasi. Ukizivuta zinaondoka na kona.

Hatua ya 3. Panga kwa mwaka, halafu kwa namba. Namba iko nyuma ya kadi.

Hatua ya 4. Pima kwa rula. Topps za 1952 hadi 1956 ni inchi 2 5/8 kwa 3 3/4. Kuanzia 1957 ni 2 1/2 kwa 3 1/2. Kadi iliyo fupi kuliko wenzake wa mwaka huohuo, kuna mtu aliipunguza kwa wembe ili kona zionekane kali. Kadi iliyokatwa unaweza kuiuza, lakini unamwambia mnunuzi.

Hatua ya 5. Kila kadi yenye thamani iingie slivu laini kwanza (kimfuko chembamba cha plastiki), ndipo iingie toploda (ganda gumu la plastiki). Mdomo wa toploda uzibe kwa ile tepu ya bluu ya mafundi rangi, siyo selotepu, maana selotepu inaacha gundi na siku ya kuitoa kadi ndiyo inayoumia. Vile vibao vya plastiki vya kukaza kwa skrubu viache, vinaigandamiza kadi mpaka inapoteza umbo.

Hatua ya 6. Bei. Angalia kadi zilizokwishauzwa, siyo zinazotangazwa. Hata mimi naweza kutangaza kiatu changu dola elfu kumi. Na linganisha hali na hali: kadi yenye mkunjo haina undugu na kadi iliyopata 8 kwa PSA, kampuni ya gredi inayokagua kadi na kuzipa alama mpaka 10.

Hatua ya 7. Hapa ndipo nilipolizwa, kwa hiyo tulia usome.

Mwaka wangu wa kwanza nilinunua boksi la viatu kwenye mauzo ya vitu vya nyumba ya mzee aliyefariki. Kadi mia tatu na kitu, nyingi za 1963. Ijumaa usiku nikazipitia harakaharaka nikitafuta majina makubwa: Mantle, Mays, Aaron. Sikuona hata mmoja. Nikaandika karatasi "dola 2 kila moja", nikalala usingizi mzuri. Jumamosi saa moja na nusu asubuhi, wateja bado wako nje kwenye foleni, sisi wenye meza tunapanga, akaja muuzaji mwenzangu wa meza ya kona na kahawa yake mkononi. Akavuta kiti. Akachambua taratibu, hasemi kitu, akatenga kadi thelathini. "Hizi zote nikupe hamsini?" Nikaona huyu ndiye mteja wa kunifungulia biashara, wa kwanza harudishwi. Nikapokea hamsini, nikamshukuru na kumshukuru tena.

Saa tano nikapita mezani kwake nikienda chooni. Kadi moja kati ya zile thelathini ilikuwa imekaa kwenye kabati lake la kioo, imeandikwa dola 900.

Ilikuwa Topps ya 1963, namba 537. Kadi hiyo haina picha kubwa ya mtu. Ina vichwa vinne vidogo vya wachezaji wapya wa mwaka ule, na kimojawapo ni cha Pete Rose. Ndiyo ruki yake, yaani kadi yake ya kwanza. Nami nilikuwa nimeileta Cincinnati, mji aliozaliwa na kuchezea, nikaiuza kwa dola moja na senti.

Kwa hiyo:

Usitafute sura, tafuta namba. Chapisha orodha ya kila mwaka ulio nao, utie tiki kadi moja moja. Topps walikuwa na tabia ya kubananisha wachezaji wapya kwenye kadi moja. 1968 namba 177 ina vichwa viwili, kimoja ni Nolan Ryan. 1968 namba 247, Johnny Bench na mwenzake. 1973 namba 615 wako watatu, mmoja ni Mike Schmidt. Ukizipekua kwa haraka zote zinaonekana takataka.

Kisichokuwa na bei hakiuzwi kabla milango haijafunguliwa. Saa ile ya kupanga meza ndiyo saa ya hatari kuliko zote, kwa sababu wanaozunguka wote ni wajuzi, na wewe bado unahangaika na kitambaa cha meza.

Mtu akitenga rundo akakuuliza bei ya jumla, chukua rundo, lipitie kadi kwa kadi mbele yake. Anayoitaka mara nyingi haiko juu wala chini, ameiweka katikati. Akianza kukuharakisha, ujue ipo.

Na lingine: hiyo 537 imeghushiwa tangu miaka ya 80, kwa hiyo na wewe usikimbilie kuinunua mezani kwa mtu.

Hatua ya 8. Meza. Kitambaa cheusi, taa yako mwenyewe, kabati la kioo lenye kufuli kwa kadi za zaidi ya dola 50. Mbele weka boksi la dola moja moja. Halina faida kubwa ila linasimamisha watu, na mtu akishainama kuchambua hachelewi kuinua macho kwenye kabati. Wanaotoka timu ya mji wako waweke katikati. Huku kwetu Bench na Joe Morgan wanaondoka kabla ya saa sita, ila mchezaji wa Boston mwenye hali nzuri zaidi nitarudi naye nyumbani.

Hatua ya 9. Kupatana. Bandika bei kwenye toploda, na moyoni uwe na bei ya mwisho. Muuzaji mwenzako atakupa asilimia 60 au 70 ya bei ya soko. Usikasirike, naye anataka kula. Jumamosi asubuhi shikilia bei yako. Jumapili mchana wanabaki wawindaji wa bei ya kutupa, hapo amua kama unapenda kadi au unapenda kodi ya nyumba.

Hatua ya 10. Chenji ya kutosha, noti ndogondogo. Pesa za simu hakikisha zimeingia kwenye akaunti yako, picha ya skrini ya mteja haikuhusu.

Maswali karibuni.

*

Kaka wa Dayton: Somo zuri sana kaka. Nina Mantle ya 1952, niiuze bei gani?

Jibu: Hatua ya 4.

Kaka wa Dayton: Nimepima. Mbili na nusu kwa tatu na nusu. Lakini nilisoma moja iliuzwa dola milioni 12.6!

Jibu: Iliuzwa kweli, Agosti 2022. Ilikuwa ya 1952. Yako ni ya marudio. Mwaka 1983 Topps wenyewe walichapa upya seti ya 1952 kwa ukubwa wa kawaida. Soma nyuma yake kwa utulivu. Ni kadi nzuri ya kuweka mezani kwako kazini.

Mama wa Louisville: Shikamoo mwalimu. Nimeona watu kwenye maonyesho wanamulika kadi kwa kitochi cha mwanga wa zambarau. Wanatafuta nini?

Jibu: Marahaba mama, hili ndilo swali. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia viwanda vya karatasi vilianza kutia kemikali za kung'arisha weupe. Kemikali hizo zikipigwa na mwanga ule zinawaka rangi ya samawati. Karatasi ya zamani zaidi haina. Kwa hiyo mtu akikuletea kadi ya tumbaku (zile zilizotoka na pakiti za sigara) ya 1909 au kadi ya 1933 nayo inawaka kama shati jeupe disko, mrudishie kwa heshima. Ila usije ukadhani isiyowaka basi ni halali, maana mghushi anaweza kutafuta karatasi kuukuu. Kwa kadi za 1950 kwenda mbele fanya hivi: nunua kadi moja ya bei rahisi ya mwaka na seti hiyohiyo, zimulike zote mbili pamoja. Zikitofautiana, shtuka. Na tembea na kioo cha kukuzia. Kwenye kadi halisi picha ni vidoto vya rangi, lakini maandishi meusi na mistari ya fremu ni wino uliokolea, hauna vidoto. Ukiona hata herufi zimejengwa kwa vidoto, hiyo imepigwa skani ikachapwa.

Mama wa Louisville: Ahsante sana. Kitochi nimeagiza. Nimeanza kwa kumulika noti za mume wangu.

Jibu: 😂 Hizo pia zina mstari wake unaowaka. Kila noti kuanzia ya dola 5 ina rangi yake.

Mtoto wa Bukavu: Kaka mukubwa, mimi niko hapa Kentucky. Niko na kadi makumi mbili za Mutombo, ule wa basketi wa Kongo, za 1991, za kwanza kabisa. Ni feza ngapi?

Jibu: Ndugu yangu, kwa soko ni senti na dola, siyo mamia. 1991 ni wakati ule wa kuchapa kama magazeti. Ila usizitupe kwenye boksi la dola moja. Mutombo alifariki 30 Septemba 2024, siku moja na Pete Rose, na wikendi iliyofuata nilikuwa na foleni mbili mezani: wazee wa Cincinnati wanataka Rose, vijana wa Kongo wanataka Mutombo. Wale vijana hawakuuliza gredi. Walitaka moja ya kuweka nyumbani. Weka nzuri kumi kwenye toploda, uza dola tano tano kwa watu wako. Na ukimtaka Mwafrika mwenye kadi yenye thamani, tafuta Olajuwon kwenye Fleer ya kikapu ya 1986. Jina limeandikwa "Akeem", siyo "Hakeem", maana hiyo H aliirudisha 1991. Kila mwezi kuna mtu ananiletea akidhani amepata kosa la kiwandani.

Chuma Chakavu: Kwahiyo Fleer 1986 ni "zamani"? Si umesema kabla ya 1980?

Jibu: Nimesema "hivi". Mezani kwangu ipo, na wazee wananinunia.

Fundi Rangi: Nina Topps za 1971, zile za fremu nyeusi. Pembeni zimebanduka, weupe unaonekana. Nikipitisha kalamu ya maka nyeusi kidogo tu kuna ubaya?

Jibu: Upo.

Fundi Rangi: Hata kidogo? Nani atajua?

Jibu: Mama wa Louisville atajua, ameshaagiza kitochi. Kampuni ya gredi ikiona wino itairudisha imeandikwa imebadilishwa, na habari za meza yako zitazunguka ukumbi mzima kabla ya chakula cha mchana. 1971 zote zinabanduka, wanunuzi wanajua, wanalipa hivyohivyo. Acha.

Mjuaji1: Na wewe uliuza Rose kwa dola mbili halafu unatufundisha biashara.

Jibu: Dola moja na senti. Ndiyo maana nafundisha. Anayetaka kufundishwa na ambaye hajawahi kulizwa amtafute, akimpata anijulishe.

Mjuaji1: Nilikuwa natania tu. Ila ulimrudia yule jamaa kumdai?

Jibu: Nimdai nini? Aliuliza, nikakubali. Tunasalimiana mpaka leo. Mwaka jana alinilindia kabati langu nilipoenda kumpokea shemeji uwanja wa ndege. Ila akija na kahawa asubuhi nafunika boksi.

Dada wa Columbus: Nikiwa peke yangu nikabanwa choo nafanyaje? Sitanii.

Jibu: Swali la maana kuliko la Mantle. Zungumza na jirani wa meza mapema asubuhi, mlindane. Funga kabati, ufunguo uwe mfukoni. Na wakija wawili, mmoja anakuuliza maswali mengi upande wa kulia wa meza, wewe angalia mikono ya mwenzake aliye kushoto.

Kaka wa Dayton: Kodi je? Lazima?

Jibu: Kodi ya mauzo ni ya jimbo. Muulize mwandaaji kibali gani kinatakiwa pale, kabla ya kulipia meza.

Dada wa Columbus: Na chakula? Ukumbini hotidogi dola nane.

Jibu: Beba chapati kavu na maji ya chupa, chupa ikae sakafuni. Sambusa usilete. Mwaka juzi nilimpa jirani moja, akaisifia sana, akafuta vidole kwenye suruali, akashika slivu yangu ya Clemente. Slivu ilikuwepo, lakini juu ilikuwa wazi.