Adelaide hadi Uluru kwa gari mkiwa na watoto: hatua kwa hatua

Ninaishi Adelaide, mji mkuu wa jimbo la South Australia, na kila likizo ikikaribia kuna ndugu au rafiki anayeniuliza njia ya kwenda Uluru, ule mwamba mkubwa wa katikati ya Australia. Juzi nimewapangia shemeji na wanawe waliotoka Arusha, basi nayaweka hapa yote. Kuendesha kwenyewe si kazi, maana Australia nao hupita kushoto kama kwetu. Kazi ni mafuta na jua. Pangeni kila kitu kwa kufuata hayo mawili.

1. Mwezi

Mei hadi Septemba. Desemba na Januari joto hupita nyuzi 40, msiwapeleke watoto. Juni na Julai bebeni makoti mazito, kwa sababu usiku baridi hukaribia nyuzi sifuri.

2. Gari

Kuanzia Port Augusta mnafuata Stuart Highway, kisha mnakata Lasseter Highway. Zote ni lami tupu, kwa hiyo sioni haja ya kulipia gari kubwa la porini, wala lile lenye vitanda ndani. Gari la kawaida lenye buti pana linatosha. Someni mkataba wa kukodi, hasa kipengele cha kuendesha usiku nje ya miji, kwani mara nyingi bima hailipi mkigonga mnyama saa hizo. Tairi la akiba mlione kwa macho na kulipima upepo kabla ya kusaini.

Kiti cha mtoto kodini hukohuko. Aliye chini ya miaka 7 lazima akae kwenye kiti chenye alama ya kiwango cha Australia. Mlichotoka nacho nyumbani hakikubaliki kisheria.

3. Vituo vya kulala

Port Augusta (kilomita 310 hivi kutoka Adelaide), Coober Pedy (540 kutoka hapo), Erldunda (490 zaidi), halafu Yulara, kijiji cha wageni karibu na Uluru (245 zaidi). Mwezi Juni jua huzama Coober Pedy kabla ya saa 12 jioni, na kangaruu hutoka kula kandokando ya barabara wakati wa magharibi na alfajiri. Ondokeni jua likishachomoza, na saa 10 jioni muwe mmeshafika.

4. Mafuta

Hapa someni polepole. Kati ya Glendambo na Coober Pedy kuna kilomita 250 hivi bila pampu hata moja. Coober Pedy hadi Marla ni kama 235, Marla hadi Kulgera 180. Mwenye tenki la lita 50 atapiga hesabu aone anafika bila shida, lakini hiyo ni hesabu ya gari tupu siku isiyo na upepo. Pakieni mizigo kwenye keria, washeni kiyoyozi, upepo uwapige kwa mbele, mtaona geji inavyoshuka. Keria mimi siitaki kabisa, punguzeni mabegi.

Tena vituo vyenyewe ni nyumba moja jangwani inayouza mafuta, chakula na vyumba, na usiku hufungwa. Kuna kimoja tulikikuta umeme umekatika, na pampu bila umeme haisukumi. Tulisubiri tangu mchana hadi jioni, watoto wamechoka, na kwa kuwa giza lilikuwa linaingia tukalala hapohapo. Kilichotuokoa ni kwamba tenki lilikuwa na zaidi ya nusu, kwa hiyo asubuhi tungeweza kuendelea hata bila pampu yao.

Kwa hiyo jazeni kila kituo, hata kama mmetumia robo tu. Asubuhi pigeni simu kituo kinachofuata muulize kama kuna mafuta na wanafunga saa ngapi. Dumu la petroli ndani ya gari lenye watoto ni hatari kwa mvuke wake, na anayejaza kila kituo halihitaji.

Mkiingia Northern Territory, eneo lenye Uluru, msishangae kukuta pampu imeandikwa Opal. Ni petroli iliyopunguzwa kemikali zinazolevya, ililetwa kwa sababu ya vijana waliokuwa wakinusa petroli. Gari la petroli ya kawaida ya 91 linaitumia bila tatizo.

5. Malori

Yana matela matatu na hufika urefu wa mita 53.5. Msilipite mpaka muone barabara tupu mbali kabisa. Likija mbele yenu, shikeni usukani kwa mikono miwili.

6. Gari likiharibika

Msiliache. Gari huonekana kutoka mbali, mtu anayetembea haonekani. Kaeni kivulini na maji, lita 10 kwa kila mtu kwa siku. Laini ya simu iwe ya kampuni ya Telstra, ingawa nayo hukatika mkitoka mjini. Dharura ni 000.

7. Uluru

Kwenye Lasseter Highway watoto watauona mlima bapa upande wa kushoto na kupiga kelele. Huo ni Mount Conner, Uluru bado. Kiingilio lipieni mtandaoni. Walio chini ya miaka 18 ni bure. Kupanda mwamba kumefungwa tangu Oktoba 26, 2019, kama Waanangu, wenyeji wa asili wenye ardhi hiyo, walivyoomba kwa miaka mingi, na penye bango la kukataza picha, simu mfukoni. Kuzunguka chini ni kilomita 10.6. Wadogo wapelekeni dimbwi la Mutitjulu, kilomita 1 tu kwenda na kurudi.

8. Kurudi

Maliza matunda na nyanya kabla ya mpaka wa South Australia, kwani matunda mabichi mengi hayaruhusiwi kuingia kwa sababu ya nzi wa matunda.