Karani mpya wa bichi, daftari la samaki linaandikwa hivi

Kama juzi bichi yenu, yaani ufuo wa kushushia samaki hapa Ziwa Victoria upande wa Kenya, imekuchagua karani wa kuandika samaki, iwe Dunga, Usenge ama Port Victoria, usidhani umepewa karatasi za kujaza tu ndio afisa wa uvuvi akikuja akute kitu.

Huko Marekani, jimbo la Wisconsin, kuna ziwa linaitwa Winnebago, Februari linaganda mpaka watu wanaendesha pikapu juu yake, wanatoboa barafu, wanakaa kwa kibanda giza wakingoja samaki mkubwa anaitwa sturgeon apite chini wamdunge mkuki. Msimu ukikawia sana ni siku 16. Sasa ukidunga, siku hiyo hiyo lazima upeleke samaki kituoni apimwe na ajulikane ni dume ama jike, na kuna vikomo vitatu, vya madume, majike wakubwa na majike wachanga, na kimoja tu kikijaa msimu unafungwa hata kama siku zimebaki. Wanachunga majike juu jike anaweza fikisha miaka 20 na kitu kabla hajataga hata mara moja. Yaani karani wa pale kituoni ndiye anafunga ziwa.

Sisi hatufungi kwa hesabu ya kila siku, sisi omena, wale dagaa wadogo, inafungwa kwa kalenda, Aprili mpaka mwisho wa Julai, na mbuta, yaani sangara, tunaenda na saizi, ya chini sentimita 50 na ya juu 85. Lakini hizo sheria zinapangwa na kubadilishwa kutokana na hesabu za bichi, na ziwa lenyewe Kenya tuna asilimia 6 tu, zingine ni za Uganda na Tanzania, so ukiandika uongo hata hiyo kidogo hatuwezi kuitetea.

Anza asubuhi na boti zilizotoka, sio zilizorudi na samaki. Hapa ndipo makarani wengi wanaharibu. Boti 30 zimeingia maji, 10 zimerudi mikono mitupu, karani anaandika zile 20 tu, halafu kwa karatasi inaonekana kila boti inashika vizuri. Andika sifuri bana, sifuri ni hesabu. Andika pia watu wangapi, wavu gani ama ndoano ngapi, na walikaa majini masaa mangapi.

Halafu uliza ile ya mboga. Mvuvi huwa ameficha mbili tatu chini ya mbao za boti za kupeleka nyumbani, hizo pia zimetoka ziwani.

Mbuta mlaze kwa ubao wa kupimia, mdomo ufunge uguse mwanzo, usome mwisho wa mkia. Usipime kwa macho, mimi mwaka wangu wa kwanza nilikuwa naandika 50, 55, 60, kila samaki ameishia na sifuri ama tano, afisa akacheka akaniuliza kwani hawa wanazaliwa na rula. Urefu ndio unakuonyesha kama wakubwa wanaisha, na wale wakubwa kabisa wengi ni majike. Kilo peke yake inadanganya, sababu samaki wakijikusanya mahali pamoja, kama omena kwa taa, mtaendelea kujaza boti hata kama ziwa linaisha.

Omena nayo inauzwa kwa karai, so pima karai moja imejaa kwa mizani, toa uzito wa karai yenyewe, andika ni kilo ngapi na uandike ni mbichi. Ukichanganya na ile wamama wameanika, hesabu yote imekufa.

Jioni piga kila ukurasa picha kwa simu. Mfuko wa plastiki tulikatazwa 2017, kwa hivyo tafuta ndoo ya mafuta iliyo na kifuniko, daftari lilale humo, na kalamu iwe ya risasi, biro haiandiki vizuri kwa karatasi iliyolowa maji ya samaki.