Somo: Pipa la kukaangia kahawa, toleo la tatu

Wakuu, habari za baridi. Sisi wa huku kahawa tunailima, tunaiuza, halafu tunakunywa chai. Nilichoka, nikaanza kukaanga mwenyewe hapa Uyole, Mbeya. Mapipa mawili ya kwanza yaliniunguzia kahawa. Hili la tatu ndilo ninaloweza kumshauri mtu atengeneze.

1. Tafuta bomba jeusi la chuma, kipenyo inchi 6, urefu inchi 10. Wauza chuma chakavu wanayo. Mwambie fundi wa kuchomelea azibe pande zote mbili kwa bamba, kisha apitishe katikati shafti laini ya milimita 12. Nondo ya ujenzi usiikubali, ile mistari yake haikai kwenye beringi (pete ya gololi inayobeba shafti). Beringi namba 6201 inaingia bila kubishana.

2. Ubavuni akate mlango wenye komeo, na atoboe matundu ya milimita 3 ya kutolea moshi. Yakizidi hapo, punje zinakwama.

3. Mapezi. Hapa ndipo nilipoumia. Pipa langu la kwanza lilikuwa laini ndani: nazungusha, punje zinateleza tu chini kama watoto kwenye bembea ya kuteleza, upande mmoja mkaa, mwingine kijani. Chomelea vipande vitatu vya chuma bapa, upana sentimita 2, uvilaze mshazari ili punje ziinuliwe na kumwagwa.

4. Beringi zikae mbali na moto, walau sentimita 10 nje ya pipa. Toleo la pili nilizibana karibu, grisi ikayeyuka na kudondokea mkaa. Ule moshi sitausahau.

5. Mkono unatosha kuzungusha. Ukichoka, mota ya waipa ya gari kwa betri ya volti 12 inafaa. Mizunguko 45 hivi kwa dakika ni sawa.

6. Kabla ya kahawa, lichome pipa tupu nusu saa mafuta ya kiwandani yaishe. Fanyia nje, moshi wa mkaa unaua.

Kukaanga: pasha pipa juu ya moto wa mkaa, tia nusu kilo tu. Punje zitageuka njano na kunukia kama mkate, kisha kahawia. Dakika ya 9 au 10 utasikia zikipasuka kama bisi; hapo joto la punje ni kama nyuzi 200. Acha macho, tumia masikio. Mimi nahesabu dakika moja na nusu, namwaga. Ukisikia mlio wa pili, mwembamba, kama chumvi iliyotupwa motoni, umeshaingia kwenye kahawa nyeusi chungu.

Mwaga kwenye chekeche la waya, si ungo, ungo utaungua. Peperusha kwa feni mpaka zipoe ndani ya dakika 4, maana punje ya moto huendelea kujiiva yenyewe. Nusu kilo itarudi gramu 420 hivi. Usimshuku mtu, hasa ni maji yaliyotoka.

MASWALI

Vwawa: Shikamoo mwalimu. Kuna bomba la maji la mabati, bei poa. Vipi?
Jibu: Marahaba. Hapana kabisa. Lile limepakwa zinki, likichomwa linatoa moshi wa sumu.

Iringa: Kaka, yangu nje imeiva, ukiipasua ndani imepauka.
Jibu: Moto mkali mno. Inua pipa kidogo au punguza mkaa. Mlio wa kwanza ukija dakika ya 5, ujue umekimbiza.

Mbozi: Ya kwetu bado ina ngozi. Nitie hivyo hivyo?
Jibu: Ngozi inashika moto upesi. Twanga polepole kwenye kinu, pepeta, ndipo ukaange.

Tukuyu: Naweza kunywa siku hiyo hiyo?
Jibu: Unaweza, ila inatoa gesi nyingi bado. Ngoja siku mbili, na usiifungie kwenye chupa ya kioo isiyopumua.

Makambako: Na karanga je, humo humo?
Jibu: Mama watoto alijaribu nilipokuwa safarini. Wiki nzima nikawa nakunywa kahawa ya karanga.