Kwa nini mji wa Wamaya ulihamwa? Anza na jiwe la mwisho

Usiulize kwa nini Wamaya "walitoweka". Mamilioni yao wapo hadi leo Guatemala na Meksiko. Miji ndiyo iliyohamwa, tena kila mmoja kwa wakati wake. Chagua mmoja, utafute jiwe lake la mwisho lenye tarehe.

Tarehe hiyo ina namba tano. Nukta ni 1, mstari ni 5. Zidisha ya kwanza kwa siku 144,000, ya pili kwa 7,200, ya tatu kwa 360 (mwaka wao wa kuhesabia, ambao 7,200 ni 20 yake na 144,000 ni 400 yake), ya nne kwa 20, ya tano iache ilivyo, kisha jumlisha. Jiwe la Toniná, Meksiko, lina 10.4.0.0.0, yaani siku 1,468,800. Ongeza 584,283, namba inayounganisha kalenda yao na yetu, toa 1,721,426 ili uhesabu tangu mwanzo wa mwaka 1 BK, gawanya kwa 365.2425. Unapata 908 na kidogo: miaka 908 imekwisha, kwa hiyo ni mwanzoni mwa 909. Ukihesabu mwaka wao wa kuhesabia kuwa na siku 365 badala ya 360, hapa utapotea kwa karibu miaka 56. Tikal, Guatemala, kwa 10.2.0.0.0, itakupa 869.

Ila jiwe hukuambia mfalme alinyamaza lini, si raia waliondoka lini. Hilo liulize kwenye sakafu za nyumba. Aguateca, Guatemala, nyumba za wakubwa ziliteketea na vyombo vikabaki palepale vilipotumika: hao walikimbia vita. Sakafu tupu huashiria watu waliofungasha bila haraka.

Ukame ulete mwisho. Mashapo ya ziwa Chichancanab, Yucatán, yana tabaka za jasi, ambayo hutuama maji yanapokauka sana. Vipimo vyake vinaonyesha mvua ilipungua kwa karibu nusu kati ya miaka ya 800 na 1000. Lakini umri wa mashapo una kosa la miongo, basi usiuoanishe na mwaka mmoja wa jiwe. Tena kuna miji iliyoanguka kabla ya ukame huo: Dos Pilas, Guatemala, uliachwa na mfalme wake mwaka 761, katikati ya vita. Wakazi waliobaki waling'oa mawe ya majumba ya kifalme wajenge maboma.

Kisha uliza mji ulinywa wapi. Tikal haukuwa na mto, ulitegemea mabwawa ya kukinga mvua, na yale yaliyo jirani na ikulu yalichafuka kwa zebaki na vijidudu vyenye sumu. Lamanai, Belize, ulikuwa kando ya maji, na watu walikuwapo hata Wahispania walipofika. Chichén Itzá uko kaskazini kukavu zaidi, lakini ulistawi kusini kulipokuwa kunakufa: una visima vya asili vinavyofika maji ya chini ya ardhi. Maelezo yanayotaja ukame pekee yajaribu hapo kwanza.