Kujiandaa kupanda jukwaani usiku wa jemu ya jazi

Usiku wa jemu, klabu huacha jukwaa wazi. Bendi mwenyeji hupiga seti ya kwanza, kisha walioandikisha majina huitwa mmoja mmoja. Minton's Playhouse ya Harlem, New York, ilijijengea jina kwa usiku wa namna hii mwanzoni mwa miaka ya 1940. Mpiga piano Thelonious Monk na mpiga drams Kenny Clarke walikuwa kwenye bendi mwenyeji, na kodi ngumu (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ziliwekwa makusudi ili asiyejiweza ashuke mwenyewe. Klabu za sasa zina huruma zaidi, lakini kinachowaangusha watu ni kilekile: kupotea ndani ya wimbo, hata kama vidole ni vyepesi.

Mpiga gitaa aliyekulia kwenye bendi ya dansi amezoea sebene, kodi tatu au nne zinazojizungusha mpaka itolewe ishara. Kwenye jazi mzunguko una urefu maalumu. Bluzi ina vipimo 12 vya mapigo manne manne. Nyimbo nyingi nyingine zina vipimo 32. Solo hupigwa juu ya mzunguko huohuo, na ukizidisha kipimo kimoja tu, wewe na mpiga besi mtakuwa kwenye kodi tofauti. Mazoezi yake ni haya: weka rekodi, imba melodi kimoyomoyo wakati mpigaji wa kwenye rekodi anapiga solo, na inua mkono kila mzunguko unapoanza upya. Ukikosea zaidi ya mara moja, wimbo huo bado hujauweza.

Nyimbo tano zinatosha kuanzia. Chagua bluzi moja ya ufunguo wa F na moja ya B bapa; ufunguo ni noti ambayo wimbo umejengwa juu yake, na bapa ni noti iliyoshushwa nusu hatua. Ongeza "Blue Bossa", vipimo 16 kwa C mainori. Kuanzia kipimo cha 9 inahamia D bapa meja kwa vipimo vinne, na hapo ndipo wageni wengi huteleza. "Autumn Leaves" hupigwa sana kwa G mainori, ila wapo walioijifunza kwa E mainori, kwa hiyo tajeni ufunguo kabla ya kuanza. Ya tano iwe ya mwendo wa polepole.

Wapuliza ala wakumbuke kwamba ufunguo unaotajwa ni wa piano, na baadhi ya ala zao huiita noti hiyohiyo kwa jina jingine. Bluzi ya F ni G kwa tarumbeta na saksafoni ya tena, na ni D kwa saksafoni ya alto. Kukiwa na kelele ufunguo huonyeshwa kwa vidole: vikielekea chini ni idadi ya bapa, vikielekea juu ni idadi ya shapu, yaani noti zilizopandishwa nusu hatua. Kidole kimoja chini ni F, viwili chini B bapa, kimoja juu G.

Ukiambiwa uchague wimbo, sema mambo manne: jina, ufunguo, mtindo (swingi, bosa au wolzi) na nani anaanza solo. Kabla ya kuhesabu ili bendi ianze, imba kichwani vipimo viwili vya melodi ili upate mwendo sahihi. Wageni wengi huhesabu haraka kwa sababu ya woga, wakajikuta kwenye mapigo 200 kwa dakika huku walifanya mazoezi kwa 130.

Piga mizunguko miwili, mitatu ikizidi sana. Fanya hesabu: kwa mapigo 120, mzunguko wa vipimo 32 unachukua sekunde 64. Wapuliza ala watano wakipiga mitatu kila mmoja, hizo ni dakika 16 kabla piano haijapata zamu, na waliobaki kwenye daftari wanasubiri. Ukimaliza, mtazame anayefuata usoni, kisha sogea pembeni. Usidonoedonoe noti wakati mwenzako anapiga solo.

Ukipotea, nyamaza. Sikiliza besi, mara nyingi drams nazo hugonga kwa uzito mzunguko mpya unapoanza, na hapo unaingia tena. Anayejipapasia kwa sauti huwapoteza na wengine. Vidole vinne vikiinuliwa, mnapokezana vipimo vinne vinne na mpiga drams. Mtu akijigusa kichwani, mnarudi kwenye melodi. Mwishoni macho yote yawe kwa aliyeanzisha wimbo, maana vipimo vinne vya mwisho huenda vikarudiwa mara tatu.

Piano na gitaa zikisindikiza pamoja, kodi hugongana na solo hukosa nafasi. Mmoja apumzike mzunguko mzima. Mpiga gitaa aje na waya wake, mpiga drams aje na vijiti na brashi, na kiti ndicho cha kurekebisha, si seti nzima ya mwenyeji. Ala za kupuliza zikiwa baridi noti zake hushuka chini ya zinavyotakiwa, hivyo zipashwe moto na kutuniwa kabla jina halijaitwa.

Mwimbaji ana kazi moja ya ziada: aje na karatasi za kodi katika ufunguo unaoifaa sauti yake, nakala mbili au zaidi, ya piano na ya besi. Kumwambia mpiga piano "nifuate tu" kunafanya bendi nzima itafute ufunguo huku hadhira inasikia.