Kisima kwenye mwamba wa matumbawe: usikimbilie kuongeza kina

Hii nawaandikia hasa walioko Makunduchi, Jambiani, Paje, Nungwi huko, na wenzetu wa Diani, yaani wote mnaochimba choo kwa mtaimbo maana jembe haliingii. Mwamba huo ni matumbawe ya zamani, ni chokaa, na chokaa inaliwa na maji ya mvua taratibu sana, mvua inabeba hewa ya kaboni kutoka angani na kwenye udongo inakuwa na uasidi kidogo, ikipita kwenye ufa kila mwaka ufa unapanuka, miaka elfu na elfu unapata mapango kama lile la Mangapwani lenye maji matamu ndani.

Sasa shida inaanzia hapo. Mchanga unachuja maji kama kifumbu kinavyochuja tui, mwamba wetu ni kifumbu kilichotoboka. Maji yanapita kwenye mitaro ya chini kwa chini, na kwenye miamba ya aina hii yanaweza kwenda mamia ya mita au hata kilomita kwa siku moja. Ujerumani mwaka 1877 walimwaga rangi na chumvi pale mto Danube unapozama ardhini, baada ya kama saa 60 vikatokea kwenye chemchemi ya Aach, kilomita 12 hivi kutoka pale. Kwa hiyo ile kanuni ya choo kikae mita 30 kutoka kisimani, kwenye mwamba wenye nyufa usiitegemee. Inasaidia, ila sio kinga.

Cha kwanza kabisa, zunguka eneo lako mvua kubwa ikinyesha. Angalia maji yanapotelea wapi: shimo, ufa, pango. Hapo ndio mdomo wa kisima chako hata kama pako mbali na ndoo. Pasitupwe taka wala mafuta ya gari, na usifunge ng'ombe hapo, na tafadhali karo lisielekezwe kwenye pango eti kwa sababu "halijai". Karo lisilojaa huku kwetu maana yake linavuja, na linavujia kwa mtu. Jenga karo lenye sakafu na kuta zilizopigwa plasta, linyonywe likijaa, ni gharama lakini kipindupindu ni gharama zaidi.

Alafu ijue chumvi. Chini ya kisiwa maji matamu yanaelea juu ya maji ya bahari kwa sababu ni mepesi kidogo, na hesabu ya vitabuni inasema kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari ina kama mita 40 chini yake. Usifurahi sana, kwenye mapango maji hayo mawili yanachanganyika kwa hiyo tabaka tamu huwa jembamba kuliko hesabu. Na hesabu hiyo hiyo inakugeukia: ukishusha maji ya kisima sentimita 10 na ukayaweka hapo muda mrefu, chumvi ya chini inaweza kupanda mita 4. Ndio maana mtu anaona maji yamepungua anaita fundi aongeze kina, wiki ya kwanza anashangilia, baadae chai haifai hata kunywa. Kuongeza kina ni kuifuata chumvi kwake!

Unachotakiwa ni kuvuta taratibu kutoka juu. Pampu ndogo, saa nyingi, tangi kubwa, badala ya pampu kubwa ya nusu saa. Bomba la kunyonyea lining'inie karibu na uso wa maji, lisilale chini. Nunua mita ndogo ya TDS, yaani kipimo cha chumvi na madini yaliyoyeyuka kwenye maji, pima kabla ya kuvuta na baada ya kuvuta, bamvua na maji mafu, uandike kwenye daftari. Chini ya 600 (miligramu kwa lita, mita inaandika ppm) maji ni mazuri mdomoni, yakipita 1,000 watu wanaanza kukunja uso. Namba ikipanda ukivuta na ikashuka ukipumzisha, ujue unavuta kwa pupa. Ikiwa inapanda tu hata ukipumzisha hapo sio wewe peke yako, kaeni na majirani na sheha, na kama kuna mtu anataka kuchimba kingine aanzie ZAWA, mamlaka ya maji ya Zanzibar, kwanza.

Mita hiyo haioni vijidudu lakini, maji yanaweza kusoma 300 na yana kinyesi. Baada ya mvua kubwa maji yakibadilika rangi usiyanywe hivyo hivyo, chuja kwa kitambaa safi, yachemshe mpaka yatokote kabisa au weka dawa ya klorini kwa kipimo cha kwenye chupa. Kuchemsha hakutoi chumvi, msidanganyane.

Mimi nasema maji ya kunywa yatoke kwenye paa. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1, bati la mita 60 za mraba kwa mvua ya milimita 20 ni lita 1,200, toa za kuoshea bati mwanzoni bado unabaki na kama 1,000. Kisiwa cha Chumbe hakina kisima na wageni wanaoga kwa mvua hiyo hiyo. Weka gata kabla ya masika, tangi liwe na kifuniko, kisima kibaki cha kufulia na bustani.